Hamsini na Nne Ndani ya Ishirini na Nne

Noreen Pascoe alifika ofisi za kampuni ya Brannigan saa tano asubuhi, Jumatano, akakuta mtuhumiwa ameshaandaliwa. Ndivyo alivyokuwa Garth Tolhurst, meneja wa boti za kuvuta meli: mtu wa kukurahisishia kazi hata kama hukumwomba. Mezani alikuwa amepanga karatasi tatu, kalamu na kikombe cha chai ya maziwa, vyote vimemwelekea mgeni.

"Kaa, Bi Pascoe. Soma, weka sahihi, Ijumaa kwenye kikao tunamkabidhi kwa polisi. Mchana tumemaliza."

"Tunamkabidhi nani?"

"Dragan Velkovski. Kwani kuna mwingine?"

Noreen alikaa lakini hakuigusa kalamu. Jina hilo alilijua. Mwaka mmoja na nusu uliopita, Septemba ya 1992, kompyuta ya chumba cha wito iliganda, boti hazikuitwa, na meli ikajisogelea gatini Port Kembla bila wa kuishika. Kamba ilikatika ikamchukulia Stan Okely mguu wake wa kushoto chini ya goti. Noreen ndiye mchunguzi aliyeletwa na kampuni ya bima, kwa sababu katika wachunguzi wote wa ajali za bandarini yeye peke yake aliwahi kuwa fundi wa programu, jambo alilopenda lijulikane. Ripoti yake ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa tisa ulisema programu zilizoandikwa na Dragan zilijengwa kwa njia inayokula kumbukumbu ya mashine mpaka ikasakamwa. Wiki iliyofuata Dragan alifukuzwa kazi, na mji mzima ukamjua kuwa ndiye aliyemkata Stan mguu.

Sasa mashine ileile ilikuwa imeganda tena. Jumatatu hii, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, meli ya makaa ya mawe ilishaingia mlangoni mwa bandari bila boti hata moja. Rubani wa bandari aliwahi kuirudisha nje. Safari hii hakuumia mtu.

"Una ushahidi gani?" Noreen aliuliza.

"Ninao wa kumwaga. Kwanza, Jumatatu asubuhi alionekana getini. Pili, jina lake limo kwenye daftari la mashine, ameingia saa mbili kasoro dakika tano. Dakika ishirini na tano baadaye mashine imekufa. Unataka nini tena, picha ya harusi?"

"Nataka daftari lenyewe."

"Si nimekunakilia hapo?"

"Umeninakilia mstari mmoja, Garth. Mimi nataka lote."

Walikwenda chumba cha wito. Kwenye kiti alikuwepo karani wa zamu, Merv, mwanamume mnene aliyewasalimia kwa nyusi tu kwa kuwa mdomo ulikuwa na mkate. Noreen aliomba printa, akaiacha ilie kwa dakika nne. Kisha akatandaza ule utepe wa karatasi sakafuni na kupiga magoti juu yake.

"Garth, njoo usome hapa. Jumapili."

"Dragan, saa mbili kasoro tano."

"Jumamosi?"

Garth alikunja uso. "Dragan. Saa mbili kasoro tano."

"Na hapa, Krismasi?"

Garth aliinama karibu na karatasi. Masikio yalishaanza kumwiva.

"Ina maana mwaka na nusu mzima anakuja hapa kila asubuhi kwa dakika ileile, na Krismasi pia, na hakuna aliyemwona," Noreen alisema. "Hii ni kazi ya kunakili daftari la meli. Aliipanga ijiendeshe yenyewe kwa jina lake. Mlimfukuza mtu, jina lake mkaliacha liendelee kuwatumikia."

Merv alicheka, mkate ukampalia. Garth alimkata jicho.

"Na getini alifuata nini?"

"Sijui mimi. Muulize Beryl, ndiye aliyekuwa zamu. Anaingia saa nane."

"Na fundi wako mpya, Lyle, yuko wapi?"

"Likizo. Tangu Ijumaa yuko Coffs Harbour anavua samaki. Kila kitu kinaharibika akiwa hayupo, huyo. Ana mkono mzuri, yule kijana. Jumatatu na Alhamisi anaizima mashine na kuiwasha upya, basi inakaa na adabu."

"Kwa nini Jumatatu na Alhamisi?"

"Anasema ameona inasaidia."

Noreen aliliandika jambo hilo kwenye kijitabu chake. Kisha akaomba ufunguo wa stoo, mahali ilipowekwa mashine ya akiba, pacha wa ile ya chumbani, na akaingia humo na jalada lake la zamani. Alifungua pia fomu mpya za kampuni ya bima. Zilikuwa fomu za kuchosha, zenye visanduku vingi, na mtu aliyezibuni hakujua kompyuta hata kidogo. Alikuwa ameweka visanduku viwili ubavu kwa ubavu: *kumbukumbu iliyokuwemo kwenye mashine*, na *kumbukumbu iliyotumika wakati wa ajali*.

Noreen alianza na ajali ya 1992. Kwenye kisanduku cha kwanza aliandika ishirini na nne, maana mashine ilikuwa na megabaiti ishirini na nne wakati ule, kabla yeye hajashauri iongezewe hadi thelathini na mbili. Kwa kisanduku cha pili alichukua kutoka jaladani ile karatasi maarufu, orodha ya programu zilizokuwa zikiendeshwa, mistari thelathini, kila mmoja na kipimo chake pembeni. Chini, kwa wino wake mwenyewe wa kijani, palikuwa na jumla. Akainakili.

Hamsini na nne.

Akazitazama namba hizo mbili zilivyokaa jirani.

Aliijumlisha safu upya, polepole, akifuata kwa ncha ya penseli. Ikatoka hamsini na nne. Akatafuta kama kuna nukta aliyoikosea, hakuiona. Mashine yenye ishirini na nne ilikuwa imebeba hamsini na nne, na yeye, mtaalamu pekee wa bandari nzima, alikuwa ameweka sahihi chini yake bila kujiuliza vipi. Aliona haya, peke yake stooni kati ya makoti ya mvua, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Kosa lenyewe alilijua kabla hajalitafuta, na hilo ndilo lililouma. Kila programu huhitaji maktaba, yaani kapu la kazi za kawaida: kuchora dirisha, kuandika herufi, kusoma saa. Unaweza kuijenga kwa njia mbili. Ya kwanza, programu inafungashwa pamoja na vipande vyake vya maktaba, kila moja inatembea na vyake. Ya pili, programu haibebi kitu. Ikiamka inaunganishwa na maktaba moja iliyokwisha kupakiwa, na zote zinashiriki hiyohiyo. Dragan alitumia ya pili. Lakini ile orodha ya mashine, kwenye mstari wa kila programu inayoshiriki, huandika na maktaba nzima pia. Ni kama kuingia nyumba yenye walaji thelathini na sufuria moja ya supu, ukamuuliza kila mmoja kama mezani kwake kuna sufuria. Wote watasema ipo. Mwenye akili hataandika sufuria thelathini.

Noreen alikuwa ameandika thelathini.

Hakutaka kujihukumu kwa kichwa tu, alitaka kuona. Kabatini, nyuma ya balbu za akiba, alikuta kanda yenye mwandiko mdogo wa Dragan: *Programu zote, Agosti 1992*. Akaiwasha mashine ya akiba. Kwanza alipakia programu za sasa, zile zilizofungashwa kwa ushauri wake mwenyewe. Alifungua saa ya ukutani, akasoma kumbukumbu iliyobaki, akaandika. Imekula moja nukta mbili. Akafungua redio: moja nukta mbili tena. Hali ya hewa: ileile. Kila mgeni aliingia na sufuria yake. Programu zote kumi na tatu zilipokuwa wazi, zilikuwa zimekula megabaiti kumi na sita.

Akafuta, akapakia zile za kwenye kanda. Saa ilikula moja na nusu, zaidi kidogo kuliko mwanzo, na kwa sekunde moja Noreen alipata tumaini la aibu kwamba labda hakukosea. Akafungua redio. Nukta tatu. Hali ya hewa: nukta tatu. Daftari la meli: nukta tatu. Zote kumi na tatu hazikufika sita.

Kwa hiyo alikuwa amemfukuzisha mtu kazi kwa ajili ya njia nyepesi, na kuwaachia makarani ile nzito.

Chini kabisa ya jalada kulikuwa na bahasha. Aliikumbuka. Ilifika wiki moja baada ya ripoti, imetoka kwa D. Velkovski, Cringila, na yeye akaichomeka nyuma pamoja na malalamiko mengine kwa kuwa kesi ilikwisha. Gundi ilikuwa bado imeshika. Aliichana. Ndani mlikuwa na mistari minne.

*Bi Pascoe. Mashine ina 24. Jumla yako ni 54. Naomba uniambie zile thelathini za ziada zilikaa wapi. Maktaba ni moja, wewe umeihesabu kwa kila programu.*

Alikaa na karatasi ile mpaka aliposikia honi ya zamu.

Lakini mchunguzi anayelia stooni hamsaidii mtu, na bado palikuwa na swali gumu. Kama programu za Dragan zilikula sita tu, na mfumo wa mashine wenyewe ukala sita, basi mwaka 1992 nusu ya mashine ilikuwa tupu. Nani aliyeijaza? Bila jibu hilo, Ijumaa Garth angesema kwa raha zake kwamba Dragan aliijaza makusudi.

Alirudi chumba cha wito. Merv alikuwa amevaa koti anaondoka, na Beryl Hatcher anaketi. Beryl alikuwa karani wa miaka ishirini na tatu pale, mama wa sauti kubwa na viatu vya mpira, na manahodha wote wa boti walimwogopa kuliko wake zao.

"Ee, Noreen! Umekonda wewe, au ndiyo hiyo fulana? Wanasema unamtafuta Dragan umfunge pingu."

"Nani anasema?"

"Merv. Merv akikaa na siri tumbo linamvimba, si unaliona?"

"Jumatatu Dragan alikuja kufanya nini?"

"Kuniletea hii." Beryl alichomoa chini ya meza chupa ya kioo iliyojaa rojo jekundu. "Pilipili za kuchoma za mama yake. Kila mwezi wa tatu ananiletea, hata baada ya sisi kumfanyia yale. Hakuvuka geti. Alisema, 'Beryl, nisiingie, wasije wakasema.' Na wamesema."

"Mliongea nini?"

"Aliuliza mguu wa Stan. Kila mwaka anauliza." Beryl aliirudisha chupa chini ya meza kwa uangalifu. "Basi ngoja niweke maji yangu tuendelee."

Alibofya mara mbili. Kwenye skrini lilifunguka dirisha la kujaa na kupwa kwa maji, mstari wa bluu ukipanda na kushuka. Noreen alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mazoea ya saa tatu zilizopita macho yake yalikuwa kwenye namba ya kumbukumbu iliyobaki, chini pembeni. Namba ilishuka kwa nukta nane.

"Umefungua nini?"

"Maji yangu."

"Na hilo lililo nyuma yake?"

"La Merv."

"Na nyuma ya la Merv?"

"La Colin, wa usiku. Kwani vipi? Kila mtu na maji yake, Noreen. Hatugusi dirisha la mwenzetu."

"Tangu lini?"

"Wewe si unajua? Tangu ile meli ya ngano ilipokwama kwenye tope, karani akisoma dirisha la jana akidhani la leo. Tukakubaliana hapa hapa: ukiingia zamu, fungua lako jipya, la mwenzio liache asije akarudi akakuta limevurugwa. Hajakwama mtu tena."

"Ile meli ya ngano ilikwama tarehe ngapi?"

"Septemba ile ile. Siku chache kabla ya Stan."

"Siku ngapi, Beryl?"

Beryl alihesabu kwa vidole. "Sita."

Zamu tatu kwa siku, siku sita. Noreen alitoa ile karatasi ya mistari thelathini. Safari hii hakutazama jumla, wala ile safu ya namba. Alisoma safu ya majina, ambayo mwaka 1992 aliona haina kazi. *Maji. Maji. Saa. Maji. Redio. Maji.* Aliyahesabu kwa penseli. Madirisha ya maji yalikuwa kumi na nane. Kila moja lilibeba ramani yake ya ghuba na hesabu za mwezi mzima, nukta nane ambazo hakuna wa kushiriki nazo. Kumi na nne na ushee kwa jumla. Ndiyo iliyoijaza ile nusu tupu mpaka ikafurika.

Jumatatu na Alhamisi za kijana Lyle nazo zikapata maana. Kwa programu zilizofungashwa, mashine ya sasa ilibakiwa na megabaiti kumi, yaani nafasi ya madirisha kumi na mawili tu. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu zinapita zamu kumi na mbili. Lyle hakujua kwa nini inasaidia, lakini alikuwa akiyafagia kabla hayajafurika. Jumatatu hii alikuwa Coffs Harbour, na karani wa asubuhi akafungua la kumi na tatu.

Noreen alieleza yote kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma ripoti. Beryl alimsikiliza, mikono juu ya magoti.

"La kumi na tatu," Beryl alisema mwishowe. "Jumatatu asubuhi nilikuwa mimi."

"Ndiyo."

"Na lile la kumi na nane. Siku ya Stan."

"Sijatazama nani alikuwa zamu."

"Mimi najua nani alikuwa zamu." Beryl alishika mdomo. "Mungu wangu. Yule mtoto ananiletea pilipili, na mimi ndiye..."

"Sikiliza. Hamkujua. Aliyepaswa kujua ni mimi, nilikuja hapa nikayaona madirisha hayo kwa macho yangu." Alifungua ripoti yake ukurasa wa kumi na kumwonyesha. Sentensi ilikuwa ya pili kutoka juu: *Napongeza utaratibu mpya wa makarani wa kufungua dirisha jipya la maji kila zamu, ni tahadhari ya kuigwa.* "Niliwapongeza nyinyi, nikamfukuzisha yeye. Haya, anza kufunga. Acha lako tu."

Beryl aliyafunga moja baada ya jingine, na kwa kila moja namba ya pembeni ilipanda.

Garth Tolhurst aliyapokea maelezo akiwa amesimama dirishani, mgongo kwa Noreen.

"Kwa hiyo hujaweka sahihi," alisema.

"Siweki. Ijumaa nitasema ripoti ya 1992 ni batili kuanzia ukurasa wa tisa."

"Ripoti yako."

"Yangu."

"Utajimaliza, Noreen. Nani atakupa kazi? Mchunguzi asiyejua kujumlisha!" Aligeuka. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu anayetafuta mlango. "Tungeweza kusema mashine ni kuukuu. Tukanunua mpya. Hakuna wa kulaumiwa."

"Yupo anayelaumiwa tayari. Siku zote hizi."

Garth alitazama zile karatasi zake tatu mezani. Baada ya muda alizikunja na kuzitia mfukoni. "Nilimfukuza mbele ya watu," alisema. "Kwenye korido, wakati wa chakula. Sikuwa na haja ya kufanya vile."

Noreen hakumpa pole. Hakuwa nayo ya kugawa.

Cringila, alikokaa Dragan, iko juu ya kilima, na mwezi wa tatu huna haja ya namba ya nyumba: unafuata harufu ya pilipili. Dragan Velkovski alikuwa kwenye gereji ya nyumbani, mlango wazi, anachoma pilipili nyekundu juu ya pipa la chuma lililokatwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne na bado amevaa aproni ya soko la matunda alikokuwa akipakua makreti. Kwenye kigoda pembeni alikaa mama yake, Stojanka, anamenya zilizoiva, vidole vyekundu mpaka kwenye vifundo. Dragan alimwona Noreen, akaiweka koleo chini.

"Nimekuja peke yangu," Noreen alisema. "Hakuna polisi."

"Watakuja Ijumaa, nimesikia."

"Hawaji. Si wewe. Wala mara ya kwanza hukuwa wewe."

Pilipili moja ilipasuka juu ya pipa.

"Nilijumlisha ile safu," Noreen alisema. "Niliijumlisha yote, maktaba nikaihesabu kwenye kila mstari. Mashine ilijazwa na madirisha ya maji, kumi na nane. Majina yalikuwa kwenye karatasi. Sikuyasoma."

"Kumi na nane?" Kwa mara ya kwanza uso wa Dragan ulichangamka, ule uchangamfu wa fundi, halafu ukazimika. "Sikuwahi kupewa orodha nzima. Garth alinionyesha jumla tu. Nikajua jumla si kweli, lakini nini kimejaza sikujua. Mwaka na nusu nawaza usiku kwamba labda kweli ni mimi." Akafuta mikono kwenye aproni. "Barua yangu uliisoma?"

"Leo."

"Ilikuwa imefunguliwa?"

Noreen angeweza kujibu kwa namna nyingi. "Hapana," alisema. "Ilikuwa imefungwa kama ulivyoituma."

Dragan alitikisa kichwa mara kadhaa, polepole, kama mtu anayekubali kipimo cha kitu alichokikadiria zamani. Mama yake alisema jambo kwa Kimasedonia, akimwelekezea Noreen kiti kwa kisu.

"Anasema ukae, ule. Anadhani umetoka sokoni."

"Mwambie mimi ni nani."

"Bi Pascoe, si lazima."

"Mwambie. Yote, kama nilivyokwambia wewe. Na bahasha pia."

Dragan alimtazama muda mrefu, kisha akaanza kutafsiri. Noreen hakuelewa neno hata moja isipokuwa jina lake, lakini alijua ilipofika kila sehemu, kwa sababu mikono ya mama yule ilipunguza mwendo, ikapunguza tena, na kwenye bahasha ikasimama kabisa. Noreen alijilazimisha asitazame chini. Hakuwahi kuona haya kiasi kile maishani mwake, na aliona ni haki yake kuyaona akiwa amesimama.

Stojanka hakupiga kelele. Alifuta kisu, akakilaza juu ya magoti, akauliza swali moja fupi. Dragan alimjibu kwa ukali kidogo, kama anayemzuia. Akauliza tena.

"Anasema nini?"

"Achana nayo."

"Anauliza nini, Dragan?"

Dragan aligeukia pipa, akashika koleo, akageuza pilipili ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

"Anasema Ijumaa ni ya wazungumzaji wa Kiingereza, kwenye chumba chao. Watu wa hapa hawataisikia. Tangu ile ajali yeye kanisani hukaa benchi la mwisho, na kahawa ya baada ya ibada hainywi, anatoka kabla watu hawajageuka. Mimi nilidhani ni miguu inamuuma." Akageuza pilipili nyingine. "Anauliza kama Jumapili unaweza kuja kuyasema haya kwenye ukumbi wa kanisa, mbele yao. Mimi nitafsiri."

Mama yule alikuwa akimtazama Noreen bila kupepesa, vidole vyekundu vimetulia juu ya kisu.

"Kahawa ni saa ngapi?" Noreen aliuliza.

Dragan hakutafsiri. Mama yake alikuwa ameshaelewa, akamwashiria Dragan kwa kisu ajibu.

"Saa tano," Dragan alisema.